Dishi la Azam, dishi la intaneti, au nisubiri simu ya setilaiti? Jibu kwa mama wa dagaa

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Kirumba hapa Mwanza, nimelifupisha kidogo:

"Mwanangu habari za kazi. Mimi nafanya biashara ya dagaa, nina mitumbwi minne inavua nje ya Kome na kambi yetu iko hukohuko kisiwani. Usiku vijana wakishafika mbali netiweki inakata mpaka asubuhi. Mwanangu wa chuo ananiambia nisubiri, eti simu za sasa zinaongea na setilaiti bila mnara. Fundi wa madishi naye anasema niweke dishi la intaneti kambini. Mimi nauliza, hilo dishi la Azam nililonalo si linapokea setilaiti, kwanini lisitoe intaneti? Na hayo mengine mvua ikija si yatakata tu kama TV? Ninachotaka nijue vijana wako salama, na wao wajue bei kabla hawajapakia mzigo wa kuja mwaloni."

Shikamoo mama. Hapo umeuliza mambo manne kwa mpigo na nitayajibu yote ila sio kwa mpangilio wako, manake la simu ndo refu na ndo wataalamu duniani wanalihangaikia sasa hivi, hayo mengine tunayamaliza haraka.

Tuanze na Azam. Dishi lenyewe ni bati tu lililokunjwa, kazi yake kukusanya mawimbi na kuyarundika sehemu moja pale mbele, kwenye kile kichwa mafundi wanachokiita LNB. Ukikifungua (usifungue, maji yakiingia ndo basi tena) utakuta vijipini viwili vyembamba, kimoja kimelala kingine kimesimama, vinanasa mawimbi ya gigahezi 10.7 mpaka 12.75, halafu kuna saketi ndogo inayoyashusha mpaka kama gigahezi 2 ili yapite kwenye ule waya wa kwenda kwenye king'amuzi bila kufia njiani. Kwisha. Mle ndani hamna kitu chochote kinachorusha kwenda juu. Setilaiti ya TV inamwaga picha ileile kwa mamilioni ya nyumba na haijui nani anaangalia nani kalala, hata malipo yako yakiisha mawimbi yanaendelea kukudondokea paani kama kawaida, kinachofungwa ni kadi. Sasa intaneti ni kuomba na kuletewa, ukigusa meseji ya WhatsApp simu yako lazima iseme kwanza ndo ijibiwe, kwa hiyo dishi lisilosema haliwezi kukupa intaneti hata fundi alizungushe vipi. Akitokea mtu wa kukuambia kuna king'amuzi kinageuza dishi la TV kuwa la intaneti, pesa yako ibaki kwenye kanga.

Madishi yanayosema yapo siku nyingi, yanaitwa VSAT, mbele yake kuna LNB na pembeni kuna kirushio. Kabla mkongo wa intaneti wa chini ya bahari wa SEACOM haujafika Dar mwaka 2009 na EASSy mwaka uliofuata, mabenki na migodi huku kwetu walikuwa wanaishi kwa hayo. Yalikuwa ghali na yalikuwa mazito, na uzito wenyewe sio wa dishi wala wa kompyuta, ni wa umbali.

Hizo setilaiti za TV ziko kilomita 35,786 juu ya mstari wa ikweta. Namba hiyo haikuchaguliwa kwa kupenda, ni kwamba kitu kikiwa pale kinamaliza mzunguko mmoja kwa muda uleule dunia inaojizungusha, basi ukiwa chini unakiona kimesimama palepale, dishi unalielekeza mara moja unasahau. Mwingereza Arthur C. Clarke aliandika habari ya matumizi yake mwaka 1945, kabla hata ya setilaiti ya kwanza kurushwa. Na Afrika tuliingia mapema kuliko watu wanavyodhani, Agosti 1963 rais Kennedy wa Marekani aliongea na waziri mkuu wa Nigeria, Abubakar Tafawa Balewa, kupitia setilaiti ya Syncom 2, upande wa Nigeria mitambo ikiwa kwenye meli iliyotia nanga bandarini Lagos. Azam yako iko nyuzi 7 mashariki, kwa hiyo kutoka Mwanza dishi linatazama magharibi, upande wa Chato hivi, limeinuliwa theluthi mbili ya njia ya kwenda utosini. DStv iko nyuzi 36, hiyo karibu iko kichwani kwetu kabisa, ndo maana huku madishi yake yanatazama juu sana, mtu akitoka Ulaya anadhani fundi alilewa.

Mawimbi yanakimbia kilomita laki tatu kwa sekunde. Kupanda na kushuka pale ni karibu robo sekunde, jibu lako likirudi nusu sekunde imeisha, na bado hujaongeza mitambo ya chini. Kwa meseji hamna neno, kwa kupigiana simu mnaanza kukatizana maneno. Halafu kuna nguvu. Wewe unajua karabai, mtumbwi ukisogea mara mbili ya umbali ule mwanga haupungui nusu, unabaki robo, ukisogea mara kumi unabaki sehemu moja ya mia. Redio ni hivyohivyo. Sasa setilaiti za hizi kampuni mpya, Starlink kwa mfano walioanza kurusha kwa wingi Mei 2019, ziko kama kilomita 550 juu, yaani ukipima moja kwa moja angani zipo karibu na wewe kuliko Dar es Salaam. Hapo umbali umepungua mara 65, na nguvu inayofika imepanda zaidi ya mara 4,000 kwa kirushio kilekile. Ndo siri yote ya kwanini dishi limekuwa dogo kiasi cha kubeba kwapani na intaneti imekuwa nyepesi.

Ila hakuna cha bure. Kitu kikishuka chini hivyo hakisimami tena, kinakimbia zaidi ya kilomita 7 kila sekunde, kinazunguka dunia nzima ndani ya saa moja na nusu hivi, juu ya kambi yako kinapita dakika chache tu kinazama. Kwa hiyo unahitaji maelfu yao yapokezane, na dishi la chini lijue kumfuata mmoja likimuacha likamate mwingine bila wewe kuona imekata. Lile la Starlink halina bakuli, ni ubao bapa wenye antena ndogondogo nyingi mno ndani, kompyuta inachelewesha mawimbi ya kila antena kwa kipimo chake ili yakijumlishwa yaelekee upande mmoja, basi mwelekeo unahama angani wakati ubao wenyewe haujatikisika. Teknolojia hiyo ilikuwa ya rada za jeshi, kuishusha bei mpaka mtu binafsi aimudu ndo kazi kubwa iliyofanyika miaka hii, watu wanasifia maroketi ila mimi naona hapo ndo penye akili zaidi.

Kuna jambo la kwetu sisi wa ikweta ambalo matangazo hayasemi. Setilaiti hizi nyingi zinapita kwa njia zilizoinama kama nyuzi 53, kwa hiyo zinajazana kule Ulaya na kaskazini ya Marekani na huku katikati zinakuwa chache zaidi kwa eneo. Na juu ya hapo ule mkanda wa setilaiti za TV kwetu unapita karibu na utosi, na sheria za ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, zinasema hizi za chini zisiwapigie kelele wale wa juu, manake masafa yao yanaingiliana. Kwa hiyo mtu wa Mwanza setilaiti inayopita katikati kabisa ya anga yake, ambayo ndo ingekuwa ya karibu zaidi, mara nyingi dishi lake linatakiwa liiruke lishike ya pembeni. Kupunguza hasara hiyo ni utafiti unaoendelea na una mabishano makali, wenye setilaiti za juu wanalinda eneo lao na wenye za chini wanasema ulinzi wenyewe ulipangwa zamani na umezidi kiasi. Wewe kwako maana yake ni moja tu, dishi lako litahitaji anga iliyo wazi pande zote, sio tundu dogo la kwenda juu.

Kisiwa kuwekewa setilaiti ya namna hii sio ndoto. OneWeb, ambao wao wanakaa kilomita 1,200, waliporusha setilaiti zao sita za kwanza Februari 2019 moja ilipewa jina la Kinyarwanda, Icyerekezo, na shule iliyokusudiwa kuanza nayo iko kisiwa cha Nkombo, ziwa Kivu. Starlink wenyewe Rwanda na Kenya waliingia 2023. Kwa huku kwetu kabla hujatoa shilingi muulize TCRA (mamlaka ya mawasiliano Tanzania) kampuni ipi ina leseni siku hiyo unayonunua na kifaa kipi kimeruhusiwa, usikubali kifaa kilichovushwa mpakani kwa mlango wa nyuma hata kikiwashwa kinafanya kazi, siku wakikifunga kutoka huko huko kwao huna wa kumlilia.

Sasa mvua, na hapa mama umeuliza kitu cha maana kuliko ulivyodhani.

Wimbi la TV lina urefu kama sentimita mbili na nusu. Tone kubwa la mvua ni nusu sentimita. Vipimo hivyo viko karibu kiasi kwamba tone linanyonya wimbi na kulitawanya, na mvua nzito zile zetu za usiku zina matone makubwa mengi kwenye njia ndefu, basi wimbi linafika limechoka. Dishi la intaneti la Ku (ndo jina la masafa hayo ya TV) liko kwenye masafa hayohayo kwa hiyo ndio, mvua italigusa, ila kuna tofauti moja. TV inarusha kwa kasi moja kwa watu wote, ukishindwa kuisoma picha inaganda na maandishi ya hakuna mawimbi yanatokea. Dishi la intaneti linaongea na setilaiti pande mbili, likiona wimbi limedhoofika wanakubaliana wapunguze kasi na kuongeza maneno ya kurudia ili yasipotee, kwa hiyo mvua ya kawaida unaona tu video imekuwa nzito, meseji zinaenda. Ikija ile ya kufunga anga kabisa litakata dakika kadhaa. Masafa ya Ka, gigahezi 20 mpaka 30, yana hali mbaya zaidi, muuzaji akikutajia Ka muulize swali la mvua kwanza.

Lakini shuka kwenye masafa ya simu, chini ya gigahezi 3. Pale wimbi lina sentimita kumi na kuendelea, tone la mvua halilifanyi kitu. Simu za setilaiti za Iridium ziko gigahezi 1.6, GPS iko gigahezi 1.575, mvua inyeshe mpaka ichoke hizo haziathiriki. Kwa hiyo ile hofu yako kwamba dhoruba ikija na mawasiliano yanakufa, kwa dishi ni kweli kiasi, kwa simu inayoongea na setilaiti sio kweli. Na wewe unayemuwaza ni kijana aliye kwenye dhoruba, sio anayeangalia mpira.

Haya sasa simu. Kijana wako wa chuo hajakudanganya, ila "nisubiri" ndo sikubaliani nayo.

Kwanza kwanini netiweki inakata. Mnara wa mita 40 ukiwa ufukweni, na mtu amekaa kwenye mtumbwi, dunia yenyewe inajikunja katikati yao, wimbi linafika kama kilomita 30 hivi halafu maji yanalificha. Mnara ukiwa juu ya mlima unapata zaidi. Na zile simu za tochi za 2G zina ukomo mwingine kabisa, mtandao wake ulitengenezwa kumhudumia mtu asiyezidi kilomita 35, ukivuka hapo hata kama wimbi linafika jibu lako linachelewa kuingia kwenye zamu yako na mnara unakukataa. Kwa hiyo kwa ziwa la kilomita za mraba 68,800 katikati patabaki peusi hata wajenge minara ufukwe mzima.

Simu ya 4G inarusha kwa nguvu isiyozidi moja ya tano ya wati. Kidogo mno. Kuisikia hiyo ukiwa kilomita 500 juu unahitaji sikio kubwa, ndo njia waliyoichukua AST SpaceMobile, walirusha setilaiti ya majaribio ya BlueWalker 3 Septemba 2022 ikakunjua antena ya mita za mraba 64, yaani kama mita 8 kwa 8, na Aprili 2023 mtu akapiga simu kutoka Texas kwenda Japani akiwa na Samsung ya dukani isiyobadilishwa kitu. Starlink nao Januari 2024 walianza kurusha setilaiti zenye kifaa cha kuongea na simu za kawaida, wakaanza na meseji kwanza. Kampuni ya Apple walitangulia kidogo kwa iPhone 14 mwaka 2022, ila ile ilianza kama ya dharura na simu yenyewe ilitengenezwa kwa kazi hiyo, na lazima uielekeze juu ukifuata maelekezo ya kwenye kioo.

Ukubwa wa antena ni nusu tu ya tatizo. Setilaiti ikikujia kwa kasi ile mawimbi yanabanwa masafa yanapanda, ikikuacha yanavutika yanashuka. Kwenye gigahezi 2 mabadiliko hayo yanafika karibu kilohezi 45 kila upande, wakati mtandao wa 4G umegawanya njia zake kwa hatua za kilohezi 15 tu, maana yake bila kurekebisha sauti ya kijana wako ingedondokea njia tatu mbele, juu ya maneno ya mtu mwingine. Na 4G iliandikwa kwa umbali wa mpaka kama kilomita 100, sasa mnara uko 500 na unabadilika kila sekunde. Hapo wahandisi wamegawanyika kambi mbili. Kambi moja inasema tuidanganye simu, setilaiti na mitambo ya chini irekebishe kila kitu kabla ili simu ione mnara wa kawaida tu, faida yake hata simu za zamani zinaingia. Kambi nyingine inasema simu ijue ukweli, ijisomee GPS ipo wapi, ipewe ratiba ya setilaiti, ipige hesabu yenyewe ijirekebishe, na hiyo ndo iliyoandikwa kwenye viwango vya 3GPP (ndo wanaoandika kanuni za mitandao ya simu duniani) toleo la 17 mwaka 2022, ila inataka simu mpya. Mimi kwa muda mrefu naipa kambi ya pili, kwa miaka ya karibuni ya kwanza ndo itawafikia watu wenye simu kama za vijana wako.

Kuna kitu kijana wako ajue, doa moja la mawimbi kutoka juu linafunika eneo la makumi ya kilomita na wote waliomo wanagawana kijisehemu kidogo cha masafa. Usiku wa giza nje ya Kome mna mitumbwi mingapi mama? Meseji zitapita, sauti kwa zamu, mambo ya kurushiana video yasahau. Na masafa yenyewe yanaazimwa kwa kampuni ya laini ya nchi husika, kwa hiyo lazima kampuni yako ya laini iwe na mkataba na mwenye setilaiti na TCRA iridhie. Ziwa letu lina nchi tatu, doa la upana huo ukilimwaga katikati ya ziwa linaingia Uganda na Kenya kwenye masafa ambayo huko ni ya mtu mwingine, na doa halisomi ramani. Suala la kugawa masafa kwa simu na setilaiti moja kwa moja limewekwa kwenye ajenda ya mkutano wa redio wa dunia wa ITU wa mwaka 2027. Sasa wewe unataka vijana wavue gizani mpaka wajumbe wamalize vikao?

Naomba nikupeleke pembeni kidogo, narudi. Kwenye usalama wa vijana kuna setilaiti moja ambayo hakuna fundi anaitangaza, na kwa mtazamo wangu ndo inakufaa kuliko zote leo. Meteosat, ya Ulaya, imesimama juu ya ghuba ya Guinea ule urefu wa kilomita elfu thelathini na tano, inapiga picha Afrika nzima, kizazi cha zamani kila dakika 15, kipya kilichorushwa Desemba 2022 kila dakika 10, na hiki kipya kina jicho la radi linalotazama mara 1,000 kwa sekunde kuhesabu mimweko. Mwaka 2016 Mbelgiji Wim Thiery na wenzake walitoa utafiti uliotumia data za setilaiti kuangalia dhoruba za usiku za ziwa Victoria. Wavuvi mnajua hata bila wao kwamba ziwa linachafuka usiku wa manane kwenda alfajiri, mchana upepo unatoka ziwani mvua inapiga nchi kavu, usiku upepo unatoka nchi kavu pande zote unakutana katikati juu ya maji ya moto. Walichoongeza ni kwamba dhoruba kubwa za usiku zinafuata mvua kubwa zilizonyesha nchi kavu mchana uliotangulia. Yaani dalili ipo tayari jioni, saa kadhaa kabla vijana hawajasukuma mtumbwi. TMA, mamlaka ya hali ya hewa, wanatoa utabiri wa ziwa na wana rada hapa Mwanza, shida ni kwamba utabiri unatoka na mtu wa kambini hana netiweki ya kuupokea saa kumi jioni.

Kwa hiyo narudi kwenye dishi, fundi wako yuko sahihi ila sababu zake na zangu ni tofauti. Dishi kambini halitamfuata kijana majini, na usimruhusu mtu akuuzie la kufunga kwenye mtumbwi wa dagaa, umeme hamna. Kazi ya dishi ni kambi ipate utabiri jioni kabla ya kutoka, na asubuhi wapate bei ya Kirumba kabla ya kupakia, ambayo ndo ulichouliza. Kwa bei ya dagaa meseji za WhatsApp zinatosha sana, kwa hiyo chukua kifurushi cha chini kabisa, na wenye kambi za jirani wachange, dishi moja linabeba simu nyingi tu. Kama kambi yenyewe inashika mnara hata kwa kupanda mwambani basi wala usihangaike na setilaiti, weka antena ya nje na ruta ya laini, itakugharimu sehemu ndogo ya ile.

Majini ni suala jingine. Kuna vifaa vidogo vya dharura vya masafa ya megahezi 406, vya mfumo wa Cospas-Sarsat ulioanzishwa na Marekani, Kanada, Ufaransa na Urusi ya wakati ule, mwaka 1979. Unakunjua antena yake unabonyeza, kinapiga kelele kwa setilaiti saa 24 au zaidi kikitaja mahali kilipo kwa GPS, hakina bando hakina malipo ya mwezi, mvua haikigusi, na vile vinavyotumia Galileo, setilaiti za Ulaya zinazofanana na GPS, tangu 2020 vinawasha taa kukujulisha kwamba wamekusikia. Lazima kisajiliwe kwa jina na namba ya mtu wa kupigiwa, na hapo weka namba yako wewe, sio ya kijana aliye ndani ya mtumbwi, utashangaa watu wanavyokosea hilo. Udhaifu wake ni nchi kavu, setilaiti itasikia ndani ya dakika chache lakini lazima awepo mtu wa kuwasha boti usiku ule, kwa hiyo kubalianeni na wenzio wa kambi nani anatoka nani anabaki na mafuta. Kimoja kwa mtumbwi unaoenda mbali zaidi kinatosha kuanzia, minne ikitoka pamoja wapeane redio za mkononi zile kama za polisi (nazo zina kibali chake) ili mwenye kifaa asikie wenzie.

Na GPS mnayo tayari bure. Simu yoyote ya kugusa inasikia setilaiti za GPS kutoka kilomita 20,200 bila bando na bila mnara, haisemi ila inasikia. Mwambie kijana wako wa chuo afungue programu ya ramani inayofanya kazi bila intaneti kwenye simu moja ya kila mtumbwi, apakue ramani ya ziwa wakiwa mjini, aweke alama ya kambi na ya mwalo. Simu ikae kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, kifuani, sio chini ya mbao za mtumbwi kwenye maji.

Ukiamua dishi, umeme ndo utakusumbua kuliko intaneti. Madishi haya ya ubao mengi yanakula wati 50 mpaka 100, kila aina na yake. Tuseme 75, ukiliwasha kwa muda wa masaa mawili jioni na masaa mawili asubuhi ni wati-saa 300 kwa siku, betri moja ya 12V ya 100Ah inakubeba na inabaki kama robo tatu, ila usiishushe chini ya nusu kama ni betri ya maji manake itakufa mapema. Paneli ya wati 150 inaijaza siku ya jua na inakuacha na kidogo siku ya mawingu. Ukiliacha liwake saa 24 kwa ajili ya vijana kuangalia mpira hesabu inaruka mpaka wati-saa 1,800, hapo unanunua mfumo mwingine kabisa. Lifungwe mbali na miembe, juu ya banda la kuhifadhia dagaa kama paa linabeba, nguzo iwe na waya wa kushusha radi mpaka ardhini. Nitumie picha ya kambi iliyopigwa kutoka katikati ya uwanja wa kuanikia, pande zote nne, nikuambie nguzo ikae wapi kabla fundi hajaja na nondo zake.